Ulezi Amesimama

Sogeeni karibu, lakini acheni nafasi pale katikati. Leo kuna farasi ndani ya hadithi, na farasi anataka nafasi kubwa.

Palikuwa na msichana aitwaye Aikande. Alikuwa na miaka sita, na meno yake mawili ya mbele yalikuwa yameng'oka.

Ilikuwa likizo ya mwezi wa sita. Aikande alikuwa kambini, juu kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro, mahali ambapo ukungu huamka kabla ya watu.

Kambi iliitwa Mawingu. Ilikuwa na mahema ya kijani, jiko la kuni, na bomba la maji. Maji yake yalikuwa ya baridi, baridi, baridi.

Nyuma ya jiko kulikuwa na banda refu la mbao. Ndani ya banda kulikuwa na farasi.

Aikande hakuwahi kumwona farasi kwa karibu. Alikuwa amemwona kitabuni tu. Kitabuni, farasi alikuwa mdogo kama kiganja cha mkono.

Asubuhi ya kwanza, watoto wanne walisimama kwenye uzio wa uwanja, wakisubiri.

Alikuwepo Aikande. Alikuwepo Mwanahawa, aliyetoka Tanga kwenye joto, na sasa alikuwa amevaa masweta mawili. Walikuwepo na mapacha, Festo na dada yake Fausta, wameshikana mikono.

Ukungu ulikuwa mzito kama maziwa. Hawakuona kitu.

Kisha wakasikia.

Ko, ko, ko, ko.

Ukungu ukafunguka. Akatokea farasi mweusi, anakuja mbio. Juu yake ameketi mwanamke aliyevaa mabuti ya mvua na kofia ngumu, mgongo umenyooka, mikono imetulia.

Farasi akaja. Akaja. Akaja.

Yule mwanamke hakupiga kelele. Hakuvuta kitu. Alishusha pumzi tu, na farasi mweusi akasimama palepale mbele ya uzio.

Prrrfu, akapumua farasi.

"Shikamoo, Mwalimu," wakasema watoto wanne, kwa sauti moja ndogo.

"Marahaba, wanangu. Mimi ni Mwalimu Naserian. Na huyu anaitwa Radi. Mmeamkaje?"

Watoto waliduwaa. Walikuwa wakimtazama. Aikande alimtazama mpaka akasahau kufunga mdomo.

"Mwalimu," akauliza hatimaye, "umemwambia nini mpaka akasimama?"

"Sijasema neno," akajibu Mwalimu Naserian. "Farasi hasikilizi maneno sana. Anasikiliza mtu mzima mzima, kuanzia kichwani mpaka miguuni."

Aikande hakuelewa vizuri. Lakini alitamani sana kuwa kama Mwalimu Naserian. Alitamani kutokea kwenye ukungu, mgongo umenyooka, mikono imetulia.

Basi, kila mtoto akapewa farasi wake wa wiki nzima.

Festo akapewa Chumvi, farasi mweupe. Fausta akapewa Pilipili, farasi mwekundu mwenye haraka. Mwanahawa akapewa Karanga, farasi mpenda majani.

Aikande akapewa Ulezi.

Ulezi alikuwa farasi jike, mzee kidogo, mwenye tumbo la duara. Rangi yake ilikuwa sawasawa na uji wa ulezi. Kope zake zilikuwa ndefu, na midomo yake ilikuwa laini kama kitambaa.

Na alikuwa mkubwa. Masikio yake yalikuwa kule juu, karibu na paa la banda.

"Usimfuate kwa nyuma," Mwalimu Naserian akamfundisha. "Nenda kwa upande, akuone. Ongea naye, ajue ni wewe."

"Hodi, Ulezi," akasema Aikande. "Ni mimi, Aikande."

Ulezi akainamisha kichwa. Akamnusa Aikande nywele, akamnusa masikio, akamnusa mifuko ya sweta.

Prrrfu.

Pumzi yake ilikuwa ya moto, tena inanukia majani makavu. Aikande akacheka.

Akapewa brashi. Akampiga Ulezi brashi begani. Shwi, shwi, shwi. Akampiga brashi tumboni. Shwi, shwi, shwi. Mgongoni hakufika, kwa hiyo Mwalimu Naserian akamalizia.

Ulezi akafumba macho kwa raha.

Kisha wakaweka matandiko, wakavaa kofia ngumu, wakatoka uwanjani.

Aikande akapanda juu ya kreti la soda. Kutoka kwenye kreti, hop, akapanda juu ya Ulezi.

Kumbe juu kule ni mbali. Aliona paa la jiko. Aliona sufuria kubwa ya uji ikitoa moshi. Aliona ardhi, na ardhi ilikuwa chini sana.

Mwalimu Naserian akampa hatamu, zile kamba za ngozi za kumwongozea farasi.

Aikande akazishika. Akazishika sana.

"Haya, twendeni," akasema Mwalimu Naserian.

Chumvi akaenda. Pilipili akaenda. Karanga akachuma majani kidogo, kisha naye akaenda.

"Ulezi, twende," akasema Aikande.

Ko, ko, ko, ko, wenzake wanazunguka.
Ulezi amesimama. Prrrfu.

Aikande akafikiri labda Ulezi hakusikia. Akasema tena, kwa sauti kubwa zaidi. "Ulezi, twende."

Sikio moja la Ulezi likageuka nyuma. Alikuwa amesikia.

Ko, ko, ko, ko, wenzake wanazunguka.
Ulezi amesimama. Prrrfu.

Mwalimu Naserian akaja, akamshika Ulezi hatamu, akatembea naye kwa miguu. Hapo Ulezi akaenda vizuri kabisa. Mwalimu alipomwachia, Ulezi akasimama tena.

Festo na Fausta wakapita mara ya kumi. "Aikande, mbona huji?" akauliza Festo.

Aikande aliangalia masikio ya Ulezi.

Mchana, watoto walikaa kwenye benchi wakila wali na maharage.

"Mpe karoti," akasema Mwanahawa. "Mimi bibi yangu akitaka punda wake atembee, anampa kitu kitamu."

Aikande akaona hilo ni wazo zuri. Akaomba karoti jikoni kwa Mama Ndosi, mpishi wa kambi. Mama Ndosi akampa tatu, moja ikiwa na majani yake.

Siku ya pili, Aikande alimpa Ulezi karoti ya kwanza. Kwachu, kwachu, kwachu.

Akampa ya pili. Kwachu, kwachu, kwachu.

Akampa na ya tatu, pamoja na majani yake. Ulezi akalamba midomo. Aikande akapanda kreti, hop, akashika hatamu. Akazishika sana.

"Ulezi, tafadhali, twende."

Ko, ko, ko, ko, wenzake wanazunguka.
Ulezi amesimama. Prrrfu.

Siku hiyo Aikande alimwimbia Ulezi wimbo. Ulezi akasimama. Akambembeleza kwa majina mazuri, malkia, mpenzi, dada mkubwa. Ulezi akasimama. Akamnong'oneza siri sikioni, na hiyo siri hatutaijua. Ulezi akasimama.

Somo lilipokwisha, wenzake walikwenda kunawa mikono. Aikande hakwenda. Alikaa juu ya kreti la soda, kofia ngumu bado kichwani, na chozi moja likateremka mpaka kidevuni.

Mwalimu Naserian akaja akachuchumaa karibu naye.

"Ulezi hanipendi," akasema Aikande.

"Nani kakwambia?"

"Hataki kwenda na mimi. Anakwenda na wewe tu."

Mwalimu Naserian hakusema pole, wala hakusema nyamaza. Alichukua hatamu moja ya akiba iliyokuwa imening'inia ukutani kwa banda.

"Simama nyuma yangu," akasema. "Mimi sasa ni farasi."

Aikande akapangusa kidevu. Hakuwahi kuona mwalimu anayejifanya farasi.

Mwalimu Naserian akageuka, akampa mgongo. Akaipitisha hatamu kiunoni mwake, na ncha zake akampa Aikande ashike. Kisha akafumba macho.

"Niambie twende."

"Twende," akasema Aikande.

Mwalimu Naserian akasimama tu. "Prrrfu," akasema.

Aikande akacheka kidogo, ingawa macho yake bado yalikuwa na machozi.

"Sasa tazama mikono yako," akasema Mwalimu, macho yake bado yamefumbwa. "Inafanya nini?"

Aikande akatazama. Vidole vyake vilikuwa vimekunjamana. Vilikuwa vimeishika hatamu na kuivuta nyuma, vimekaza mpaka kucha zimekuwa nyeupe.

"Inavuta," akasema polepole.

"Ndiyo. Mdomo wako unasema twende. Mikono yako inasema simama. Sasa farasi afanye nini?"

Aikande akafikiri. "Asimame."

"Asimame. Ulezi hajakukatalia hata siku moja, mwanangu. Siku mbili zote amekutii."

Aikande akageuka, akamtazama Ulezi kule kwenye kivuli cha banda. Ulezi alikuwa akimtazama pia, taratibu, kwa zile kope zake ndefu.

"Nilikuwa naogopa kuanguka," akasema Aikande. Alisema kwa sauti ndogo sana.

"Najua. Mtu akiogopa, mikono hukaza yenyewe. Na mimi nilikuwa hivyo."

"Wewe, Mwalimu?"

"Mimi. Nililia mpaka nikachelewa kula."

Mwalimu Naserian akachukua vidole vya Aikande, akavifungua kimoja kimoja. "Shika hivi. Kama umeshika yai bichi. Usilivunje, na usiliangushe."

Aikande akashika kama ameshika yai bichi.

"Niambie twende."

"Twende."

Mwalimu Naserian akaanza kutembea. Akatembea, macho yamefumbwa, na Aikande nyuma yake, mpaka wakazunguka uwanja mzima. Mama Ndosi alitoka jikoni na mwiko mkononi, akawaangalia, akarudi ndani akitikisa kichwa.

Siku ya tatu, ukungu ulikuwa mwepesi. Aikande akapanda kreti. Hop.

Ardhi ilikuwa chini sana, vilevile kama jana.

Akashika hatamu. Vidole vikataka kukaza. Akavifungua. Vikataka kukaza tena. Akavifungua tena. Yai bichi, akajiambia. Yai bichi.

Kisha akashusha pumzi.

"Ulezi, twende."

Sikio moja la Ulezi likageuka nyuma. Halafu la pili. Halafu begani kitu kikatikisika, na mguu mmoja mkubwa ukanyanyuka.

Ko.

Ko, ko.

Ko, ko, ko, ko, farasi wote wanazunguka.
Ulezi naye yumo. Prrrfu.

Aikande hakupiga kelele. Hakutaka kuvunja yai. Lakini alitabasamu hadi pengo la meno likaonekana kutoka upande wa pili wa uwanja.

"Tazameni Aikande," akasema Mwanahawa kwa wenzake. "Anakwenda."

Tangu hapo, kila siku ilikuwa na jambo jipya.

Siku ya nne walijifunza kugeuka. Mwalimu Naserian aliwaonyesha kwanza, juu ya Radi. Alitazama kushoto tu, na Radi akaenda kushoto. Alitazama kulia tu, na Radi akaenda kulia. Ilikuwa kama wawili hao wana kichwa kimoja.

"Hebu tena, Mwalimu," wakaomba watoto. Akawaonyesha tena, na tena, hata Festo na Fausta wakaachiana mikono wapate kupiga makofi.

Siku ya tano walijifunza mchakamchaka. Bap, bap, bap, makalio ya Aikande yakagonga tandiko. Bap, bap, bap, meno yaliyobaki yakagongana. Ulezi alikwenda kwa uangalifu, tumbo lake la duara likicheza huku na huku. Aikande alipoelemea upande mmoja, Ulezi naye alisogea upande huohuo, akamweka sawa.

"Umeona?" akasema Mwalimu Naserian. "Amekuokota kabla hujaanguka."

Aikande aliona. Somo lilipokwisha alimpiga Ulezi brashi kwa muda mrefu kuliko siku zote.

Ikafika siku ya mwisho. Siku hiyo hawakuzunguka uwanja. Siku hiyo walitoka nje ya uzio, kwenda Kilima cha Upepo, kula maandazi na kutazama mlima.

Mwalimu Naserian alitangulia na Radi. Nyuma yake akafuata Aikande na Ulezi. Kisha Festo, kisha Fausta, na mwishoni kabisa Mwanahawa na Karanga.

Njia ilipita kwenye majani marefu, marefu mpaka kwenye matumbo ya farasi. Majani yalikuwa na umande. Faaa, faaa, faaa, yalisema majani. Ukungu ulikuwa umekaa juu yake kama blanketi.

Nyuma, Karanga aliona majani mengi kuliko alivyowahi kuota. Akaingiza kichwa humo, akakataa kukitoa.

"Mwalimu," akaita Mwanahawa, "Karanga anakula barabara."

Mwalimu Naserian akageuza Radi. "Nakuja. Aikande, Ulezi anaijua njia hii. Nenda naye polepole mpaka kwenye ule mti uliokauka, mnisubiri hapo."

Aikande akawa wa mbele.

Mbele yake hapakuwa na mtu. Palikuwa na majani, na ukungu, na masikio mawili ya Ulezi. Aikande akanyoosha mgongo. Akatuliza mikono.

Faaa, faaa, faaa. Mti uliokauka ukaonekana. Zilibaki hatua chache tu.

Mara Ulezi akasimama.

"Ulezi, twende," akasema Aikande.

Ulezi amesimama. Prrrfu.

"Umekaza mikono tena," akasema Festo kutoka nyuma.

Aikande akatazama mikono yake upesi. Haikuwa imekaza. Vidole vilikuwa vimefunguka, hatamu imelegea, yai zima.

"Sijakaza," akasema.

"Basi mguse na visigino," akasema Fausta. "Mti ule pale. Mwalimu amesema tusubiri kwenye mti."

Ni kweli, Mwalimu alisema hivyo. Na mti ulikuwa palepale. Aikande akahisi masikio yake yanapata moto. Labda bado hajui kumwongoza farasi. Labda bado ni yule Aikande wa siku ya kwanza.

Akainua visigino amguse Ulezi.

Kisha akamwangalia. Masikio ya Ulezi hayakugeuka nyuma kumsikiliza. Yalikuwa yamesimama, yameelekea mbele, yote mawili, kwenye majani. Mwili wake wote ulikuwa umetulia. Hata mkia haukucheza.

Aikande akakumbuka kwamba farasi hasemi kwa maneno. Na Ulezi alikuwa anasema, mzima mzima, kuanzia masikioni mpaka kwenye kwato.

Aikande akashusha visigino.

"Simsukumi," akasema. "Ulezi ndiye anasema tusimame. Na ninyi msipite."

"Lakini..." akaanza Fausta.

"Msipite," akasema Aikande tena. Sauti yake ilitetemeka, lakini ilitoka.

Basi wakasimama wote watatu, kwenye ukungu, wakisubiri. Chumvi akapumua. Pilipili akataka kwenda, Fausta akashusha pumzi, Pilipili akatulia.

Ko, ko, ko, ko. Mwalimu Naserian akarudi, na Mwanahawa nyuma yake. Karanga alikuwa bado anatafuna.

"Kuna nini, Aikande?"

"Ulezi amesimama, Mwalimu. Safari hii si mikono yangu."

Mwalimu Naserian hakubisha. Hakuitazama mikono ya Aikande. Alitazama masikio ya Ulezi, akashuka chini, akaokota fimbo.

Akaenda mbele, hatua moja. Akachoma majani kwa fimbo. Hatua ya pili. Akachoma tena.

Fimbo ikazama. Ikazama yote, mpaka kwenye mkono wake.

Mwalimu Naserian akapiga magoti, akayafungua majani kama mtu anavyofungua pazia. Palikuwa na shimo. Lilikuwa jeusi, na pana kama beseni la kufulia, na refu kwenda chini. Udongo wake ulikuwa mpya, bado una unyevu.

"Ni shimo la mhanga," akasema. "Yule mnyama mwenye masikio ya sungura na pua ndefu, anayekula mchwa. Amelichimba jana usiku. Wiki iliyopita halikuwepo."

Watoto wakatazama shimo. Wakatazama miguu ya Ulezi. Kwato za mbele zilikuwa hatua mbili tu kutoka ukingoni.

"Farasi akitumbukiza mguu humu, anavunjika," akasema Mwalimu Naserian. "Na aliye juu yake anaruka."

Festo akashika mkono wa Fausta.

"Amejuaje?" akauliza Mwanahawa. "Majani yalilifunika."

"Hilo silijui," akasema Mwalimu Naserian. "Labda amesikia harufu ya udongo mpya. Labda ardhi imelia tofauti chini ya kwato zake. Nimekaa na farasi miaka kumi na tisa, na bado wananishinda."

Kisha Mwalimu Naserian akafanya jambo ambalo watoto hawakulitegemea. Alivua kofia yake. Akasimama mbele ya Ulezi, kofia mkononi, kama mtu anayesalimia mkubwa wake.

"Asante, mama," akamwambia.

Ulezi akamnusa nywele.

Mwalimu akamgeukia Aikande, kule juu. "Na wewe asante. Mimi mwenyewe nilikwambia nenda mpaka kwenye mti. Wewe ukamsikiliza yeye."

Aikande akajilaza mbele, akakumbatia shingo ya Ulezi, akaweka shavu kwenye yale manyoya marefu.

"Mimi nilisema uko sawa," akasema Festo.

"Hukusema," akasema Fausta.

"Nilisema moyoni."

Mwalimu Naserian alisimika fimbo pembeni ya shimo na kufunga leso yake nyekundu juu, ili kila mpita njia aione. Mwanahawa akaomba kushuka asikilize. Akalala kifudifudi mbali kidogo na ukingo, sikio kwenye majani.

"Anakoroma," akanong'ona Mwanahawa. "Mhanga anakoroma."

Wengine hawakusikia kitu. Lakini wote walipita kando polepole sana, wasimwamshe.

Juu ya Kilima cha Upepo, wakakaa kwenye nyasi na kula maandazi ya Mama Ndosi. Yalikuwa na iliki, na yalikuwa bado na uvuguvugu ndani. Farasi nao wakala.

Upepo ukaja, fuuu, ukaukunja ukungu kama shuka. Na pale mbele yao, mkubwa kuliko kila kitu, ukasimama Mlima Kilimanjaro, na theluji yake, ukimeremeta.

Kwa muda mrefu watoto hawakutafuna.

"Ni mrefu," akasema Mwanahawa hatimaye, na wote wakakubali.

Walirudi kambini kwa mchakamchaka. Bap, bap, bap.

Ko, ko, ko, ko, farasi wote wanarudi.
Ulezi ndiye wa mbele. Prrrfu.

Jioni, baada ya chakula, watoto walipiga mswaki kwa maji ya baridi, baridi, baridi. Kesho wazazi wangekuja kuwachukua. Wenzake walikuwa wanaingia hemani. Aikande akaenda kwa Mwalimu Naserian, akamvuta mkono wa koti.

"Mwalimu, naomba nikamwambie Ulezi usiku mwema."

"Twende basi. Lakini kimya."

Bandani kulikuwa na taa moja ndogo. Kulikuwa na harufu ya majani makavu na joto la farasi watano. Kwachu, kwachu, mtu fulani alikuwa bado anakula, na huyo alikuwa Karanga.

Ulezi alikuwa amesimama kwenye chumba chake, macho yamefumbwa nusu.

"Analala amesimama?" akanong'ona Aikande.

"Mara nyingi ndivyo wanavyolala. Farasi akilala chini hawezi kukimbia upesi. Kwa hiyo hulala chini pale tu anapojiona yuko salama."

Aikande akaingia kwa upande, aonekane. "Hodi, Ulezi. Ni mimi."

Akaketi kwenye majani makavu, pembeni kabisa, kama Mwalimu alivyomwonyesha. Hakumshika Ulezi. Hakumwimbia. Alikaa tu, mikono imelala mapajani, akipumua.

Ulezi akamtazama. Akamtazama tena. Akaikusanya miguu yake minne mirefu, akakunja magoti ya mbele, na polepole, polepole, pufff, akalala chini.

Aikande akaziba mdomo wake kwa mikono miwili asije akapiga kelele.

Farasi mkubwa, mwenye masikio karibu na paa, sasa alikuwa chini kabisa. Uso wake ulikuwa sawa na uso wa Aikande. Kope ndefu zikashuka. Midomo laini ikalegea.

Mwalimu Naserian alisimama mlangoni, akiwatazama. Alikuwa amewafundisha watoto wengi kumpanda Ulezi. Hakuwa amewahi kumwona akilala chini mbele ya hata mmoja.

"Nimwamshe nimuage?" akanong'ona Aikande.

"Hapana, mwanangu. Ameshakuaga yeye."

Wakatoka kwa ncha za vidole. Hemani, Mwanahawa alikuwa tayari amelala na masweta yake yote mawili. Aikande akavua viatu. Akakunja miguu yake miwili mifupi, akakunja magoti.

Na polepole, polepole, naye akalala chini.